Naombeni ushauri: nikodi mpiga picha wa laki tatu na nusu au nipige mwenyewe kwa simu? Ni picha za vikapu kwa ajili ya tovuti

Mwali wa Rangi Tatu (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie mawazo maana kichwa kimejaa.

Nina biashara ndogo ya vikapu na mikoba ya ukindu. Wanaosuka ni mama zangu wadogo na majirani zao huko Ikwiriri, mimi niko Mbagala ndiyo nauza. Nilianza na statasi za WhatsApp, nikahamia Instagram, sasa kuna kijana kanifungulia tovuti. Shida ni picha. Nimepata mpiga picha wa Mikocheni, anataka 350,000 kwa bidhaa kumi na tano. Mdogo wangu anasema naenda kutupa hela, simu yangu inatosha. Simu ni Samsung ya kawaida tu, si ile ya bei mbaya.

Natakiwa niamue wiki hii na usingizi sipati. Sihitaji matusi, nahitaji ushauri. Ahsanteni.

Ngoja Waje
Siti ya mbele kabisa. Hupati usingizi kwa ajili ya picha za vikapu? Mimi nadaiwa kodi ya miezi sita na nakoroma.

Bwana Kuku
Dada achana na vikapu, soko lake la msimu. Chukua hiyo laki tatu na nusu nunua vifaranga wa kienyeji chotara, jenga banda la mabanzi. Kuku haombi picha.

Mzee wa Lenzi
Mleta uzi, hiyo hela kaa nayo kwanza. Nimepiga harusi na bidhaa kwa miaka mingi, na nakwambia kikapu ni rahisi kupiga kuliko bi harusi: hakichoki, hakilii, wala hakina mashangazi. Unachohitaji ni mwanga, na mwanga ni bure.

Jua la saa sita hapa Dar linakushukia utosini. Linaweka kivuli cheusi chini ya mikono ya kikapu, halafu juu linaunguza rangi mpaka inakuwa nyeupe. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au ingia ndani ukae karibu na dirisha ambalo jua halipigi moja kwa moja. Zima taa ya chumbani. Mwanga wa taa na mwanga wa dirishani si wa rangi moja, simu inabaki haijui ifuate upi. Upande wa kikapu ulio mbali na dirisha utakuwa na giza, basi simamisha hapo lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV, litarudisha mwanga. Kwa mandhari nunua manila nyeupe mbili stationari. Iegemeze ukutani, iteremke mpaka mezani bila kuivunja kona, mstari wa meza na ukuta utapotea wenyewe.

Futa lenzi. Narudia, FUTA LENZI. Nusu ya ukungu wa picha za wajasiriamali humu nchini ni mafuta ya chapati. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu yako. Usitumie ile lenzi pana inayoonyesha chumba chote, inakitia kikapu kitambi. Gusa kikapu kwenye kioo, shikilia kidole mpaka alama ya kufuli itokee, halafu shusha mwanga kidogo ili nyuzi zionekane.

Sasa swali: kwenye hiyo tovuti kuna picha gani saa hizi? Weka linki tuone tunaanzia wapi.

Mwali wa Rangi Tatu
Ahsante sana mzee wangu, nimeandika yote kwenye daftari. Picha zipo za muda tu, hazina maana. Mimi nataka kujua kama niende Mikocheni au nisiende.

Kiondo Pori
Salamu kutoka Machakos. Dada, mimi nauza viondo vya mkonge na nitakuambia kilichonifunza. Nilipiga kiondo kidogo peke yake kwenye karatasi nyeupe, kikapendeza kweli. Mteja akaagiza akidhani ni cha kubebea nguo za wikendi. Kilipomfikia, kilikuwa kinaingia simu na lipstiki. Akaniandikia barua ndefu yenye herufi kubwa. Tangu hapo kila bidhaa lazima iwe na picha moja iliyoshikwa na mtu, na chini yake naandika sentimita: urefu, upana wa mdomo, na mkono ukisimama unafika wapi. Watu hawasomi vipimo, wanaangalia mkono wa mtu.

Pia piga kitako na ndani. Mnunuzi akiwa dukani kitu cha kwanza anapindua. Kwa simu hawezi kupindua, mpindulie.

Ngoja Waje
@Kiondo Pori mimi nilimpata mke wangu wa kwanza kwa picha ya passport saizi. Hakukuwa na mkono wa kulinganisha. Sisemi zaidi.

Fundi Mtandao
Mleta uzi kanitumia linki inbox. Nimeingia.

Kwanza, ukurasa wa mbele umenilia bando kama nimefungua sinema. Picha moja ina MB sita. Mteja wako akiwa kwenye daladala Buguruni ataona duara linazunguka mpaka ashuke. Punguza kila picha iwe na pikseli 2000 upande mrefu, inatosha hata mtu akitaka kuikuza aone mshono. Hifadhi kwa JPEG au WebP, ubora kama asilimia 80, itashuka sana na jicho halitaona tofauti. JPEG ni ya tangu 1992, inafunguka popote. WebP ya Google ilitoka 2010 na wenyewe wanasema inapunguza robo hadi theluthi zaidi. Mwambie kijana wako aweke picha za chini zipakiwe pale tu mtu anaposhuka, ila ile ya kwanza kabisa ije moja kwa moja. Na aandike upana na kimo cha kila picha kwenye kodi, ukurasa usirukeruke mtu anaposoma.

Majina ya mafaili: una "IMG_20394 kopi mpya 2". Google haijui hiyo ni nini. Andika kikapu-ukindu-zambarau-mikono-mirefu. Na ile sehemu ya maelezo ya picha usiiache wazi, asiyeona anasomewa hiyo na simu yake.

Usimtumie kijana picha kwa WhatsApp kama picha, inakamuliwa. Tuma kama dokumenti. Ila ukituma kama dokumenti, faili linaenda na kila kitu chake pamoja na mahali ulipopigia, kwa hiyo kama kamera yako inarekodi eneo, zima kwanza. Sidhani kama unataka dunia ijue mlango wa nyumba yako.

Pili, na hapa ndipo sikuelewi. Hizo picha zilizopo ni nzuri. Ni nzuri MNO. Kile kikapu cha bluu kwenye meza ya mbao na ua pembeni, mwanga umelala vizuri, hakuna vumbi. Kwa nini unatafuta mpiga picha?

Mwali wa Rangi Tatu
Nimesema hizo ni za muda.

Shangazi Shazia
Mwanangu, nami nimeomba linki nimeangalia. Mimi nasuka tangu sijavunja ungo, niko Tanga. Naomba unijibu jambo moja: kile kikapu cha bluu kasuka nani?

Nakuuliza kwa sababu kile hakisukiki. Kikapu cha ukindu unasuka ukili, yaani utepe, ukili ni mmoja, mrefu, kisha unachukua shazia, ile sindano kubwa, unashona. Unaanzia kitakoni unazunguka, unazunguka, mpaka mdomoni. Kwa hiyo nakshi haiwezi kufunga duara. Kila ukimaliza mzunguko inapanda kidogo, kuna mahali lazima ipishane. Ukitazama kikapu chochote cha kweli utapaona, na sisi wenyewe tunapaficha upande wa nyuma. Cha kwako pete zote zimefunga, moja juu ya nyingine, kama bangili. Na mkono wa kulia unaingia ndani ya ukili hautokei upande wa pili. Umeshikwa na nini?

Ngoja Waje
Umeyatimba.

Sukari Guru
Nimevuta kiti.

Mwali wa Rangi Tatu
Shangazi shikamoo.

Sawa, naeleza, lakini msinishambulie. Kikapu ni changu. Nilikipiga mwenyewe kwa simu, kikatoka kimefifia, halafu nyuma kulikuwa na ndoo na miguu ya mtoto. Nikakiingiza kwenye programu ya akili bandia ya kusafisha picha, ikaondoa ndoo, ikaweka meza na ua. SIKUTENGENEZA kikapu cha uongo. Ni kikapu kile kile, kimesafishwa tu. Kila mtu anafanya. Mbona nyie mnapiga selfi na filta mkiwa na chunusi?

Mzee wa Lenzi
Subiri. Kikapu cha kweli kina rangi gani?

Mwali wa Rangi Tatu
Zambarau.

Mzee wa Lenzi
Na ulikipigia wapi?

Mwali wa Rangi Tatu
Kibarazani kwa mama mdogo.

Mzee wa Lenzi
Kibaraza kimeezekwa nini?

Mwali wa Rangi Tatu
Wamefunga turubai kuzuia jua.

Mzee wa Lenzi
La rangi gani?

Mwali wa Rangi Tatu
Bluu.

Mzee wa Lenzi
Ndiyo hapo. Jua limepita kwenye turubai la bluu likakufikia limeshakuwa bluu. Wekundu wote uliomo ndani ya zambarau ukakosa mwanga wa kuuonyesha, kikapu kikasogea kwenye bluu. Programu nayo haijawahi kukutana na kikapu chako. Imeona kitu cha bluu kilichofifia, ikakoleza. Pale uzi ulipokuwa na ukungu ikabuni uzi. Kusafisha ni kuondoa doa kwenye manila, mama. Hapo umeletewa kikapu kingine.

Dawa yake ndogo tu: picha ya kwanza kila unapohama sehemu, weka karatasi nyeupe kabisa ndani ya fremu. Kama karatasi inaonekana bluu, kijani au ya njano, mwanga wako una kasoro. Hama. Kuta za kijani kibichi zinafanya hivyo hivyo, na nyumba nyingi za uswahilini ndiyo rangi yake.

Fundi Mtandao
Halafu zihifadhi kwa sRGB. Rangi zilizohifadhiwa kwa mfumo mwingine zinaweza kupauka kwenye vivinjari vya zamani.

Ila dada, bado hujajibu. Mtu mwenye picha za muda zisizo na maana hakosi usingizi. Wiki hii kuna nini?

Mwali wa Rangi Tatu
Kuna mteja. Ana duka Hamburg. Aliona kile cha bluu kwenye tovuti akaagiza sitini. Ametuma nusu ya hela, nami nimeshanunua ukindu na rangi na kuwalipa akina mama kianzio. Sasa anataka picha za mzigo uliokamilika kabla hajamalizia nusu iliyobaki.

Mpiga picha wa Mikocheni amesema rangi si tatizo, anairekebisha kwenye kompyuta, zambarau inakuwa ile ile bluu ya bahari, na pete anaweza kuziweka sawa. Nimeshampa laki moja ya kutangulizia. Ndiyo maana nauliza kama niendelee naye au nipige mwenyewe. Swali langu ni hilo tu.

Ngoja Waje
Ooooh. Swali ni hilo tu.

Mchungaji Msaidizi
Binti yangu, umefika njia panda. Huyo mtu wa Hamburg hajawahi kukuona, amekuamini kwa macho yake. Ukimlipa kwa hila, hata hiyo faida haitakaa mfukoni. Nimewaona wafanyabiashara wengi kanisani kwetu walioanza kwa kupunguza robo kilo, leo hawana hata mizani.

Ustadh wa Makorora
Mchungaji kasema. Na kwetu kuna kile kisa kinachojulikana, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono kwenye rundo la chakula, juu kavu, chini kumelowa. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Mvua haikuwa kosa lake, kuifunika ndiyo ikawa kosa. Turubai halikuwa kosa lako dada.

Bwana Kuku
Ndiyo maana nikasema kuku.

Mwali wa Rangi Tatu
Nawaheshimu sana viongozi wa dini lakini mnanihukumu mapema. Rangi inatofautiana kwenye kila simu, ni kitu kinachojulikana. Akipokea mzigo akaona umekolea zaidi atadhani ni kioo chake. Na kikapu chenyewe ni kizuri kuliko picha, kimesukwa kwa mkono. Mteja wa Ulaya anajua kazi ya mkono hailingani.

Mbeba Boksi Bremen
Niko saa moja na ushee kwa treni kutoka hapo Hamburg. Dada naomba nikutoe tongotongo.

"Kazi ya mkono hailingani" wanaikubali kwenye sentimita moja au mbili, nakshi kupinda kidogo, kivuli cha rangi kukolea. Hawaikubali kwenye zambarau kuwa bluu. Huyo mteja ataviweka kwenye tovuti yake pia, na wateja wake wakinunua mtandaoni wana siku 14 za kurudisha bila hata kutoa sababu, ndiyo sheria ya Umoja wa Ulaya kwa mnunuzi wa kawaida. Yeye mwenyewe kama mwenye duka anayenunua jumla hana hizo siku kwako, kwa hiyo atakachofanya ni kudai hela yake, na mzigo uko kwake, na nauli ya kuurudisha ni kubwa kuliko vikapu.

Fanya hivi: mwambie akina mama wakate kipande cha ukili wa kweli, urefu wa kiganja, rangi zote mlizo nazo. Tia kwenye bahasha, nenda Posta, tuma kwa EMS. Ukili mkononi hauna ubishi wa kioo cha simu. Wakati bahasha iko njiani, mtumie picha za kweli umwambie rangi ndiyo hii.

Shangazi Shazia
Hata kama angetaka kumtilia bluu, ile ya bahari asingeipata kirahisi. Ukindu ukikauka si mweupe, una unjano. Ukiuchovya kwenye bluu nyepesi unakutolea kijani kijani cha maji ya bwawa. Lazima ukoleze, na ukikoleza unapata bluu ya yunifomu. Hao mama wa Ikwiriri walijua, ndiyo maana wakatumia zambarau. Uliwauliza?

Mwali wa Rangi Tatu
Niliwaonyesha picha. Mama mdogo akacheka, akasema mstari wa kwanza unaanzia wapi. Nikadhani hajazoea simu kubwa.

Sukari Guru
Sasa na mimi nichangie. Nimenyamaza muda wote nikiwaangalia watu wazima mnakunywa chai.

Hii ni CHAI, na sukari imezidi. Ushahidi: (1) Mleta uzi aliwahi kuchangia kwenye uzi wa Bwana Kuku wa chakula cha vifaranga. Nimeufukua. Aliandika, nanukuu, "mimi kama baba wa familia yenye watoto watatu". Leo ni binti wa vikapu. (2) Mzee wa Lenzi kashuka na somo zima utadhani alikuwa nalo mfukoni. Hili ni tangazo la darasa la picha, subirini namba ya simu. (3) Mzungu gani anaagiza vikapu sitini kwa mtu asiyemjua, akatuma nusu?

Mzee wa Lenzi
Mimi nimestaafu, nafuga nyuki. Namba ya simu ya nini.

Bwana Kuku
Ni kweli uzi wangu ule alichangia. Na aliuliza swali zuri la pumba za mahindi. Baba wa familia, nakumbuka.

Ngoja Waje
Baba wa familia anasuka ukindu kwa siri. Hii ndiyo sababu ya kukosa usingizi. Nimeelewa sasa.

Mwali wa Rangi Tatu
Akaunti ilikuwa ya kaka yangu, aliniachia alipobadilisha simu, nikabadili jina. Sina sababu ya kuwadanganya watu nisiowajua.

Sukari Guru
Tofauti na mtu wa Hamburg.

Leta kikapu. Kikapu cha zambarau, kijiko cha wali pembeni, karatasi nyeupe imeandikwa "Sukari Guru shikamoo". Bila hivyo mods funga uzi.

Kiondo Pori
Wewe bwana unamtesa msichana wa watu. Hata kama ni hadithi, mafunzo ya picha ni ya kweli, mimi nimeshaenda kutafuta hiyo povu ya TV.

Mwali wa Rangi Tatu
[Picha imeambatishwa]
Haya. Nimepiga sasa hivi dirishani, taa nimezima. Kijiko hicho hapo. Karatasi hiyo hapo. Shikamoo sijaandika, nimeandika "hujambo".

Fundi Mtandao
Kitu kimetoka zambarau kweli. Karatasi ni nyeupe. Hongera.

Mzee wa Lenzi
Nzuri. Ila umesimama juu sana, kikapu kinaonekana kifupi. Shusha simu iwe usawa wa katikati ya tumbo la kikapu. Upande wa kushoto umekosa povu, kuna giza. Na mikono umeiacha imelala, mmoja mbele mmoja nyuma. Isimamishe kwa uzi mwembamba toka juu, au jaza gazeti ndani kikapu kisimame wima. Kijiko toa.

Sukari Guru
Kijiko ni cha ushahidi.

Shangazi Shazia
Mashallah. Tazameni upande wa kulia chini ya mdomo, safu ya tatu. Pale nakshi imepishana. Hapo ndipo ukili ulipomaliza mzunguko. Mshono umebana, haufungui mdomo ukitiwa mzigo. Aliyeshona hiki ni mtu mzima, kijana hana subira hiyo. Mwanangu, unaficha hii unaonyesha ile bluu?

Mbeba Boksi Bremen
Hiyo ya pishano ipige karibu kabisa, iwe picha ya tatu kwenye tovuti. Wanunuzi wa huku wamechoshwa na picha za kompyuta. Kitu chenye alama ya mkono ndicho wanachokilipia.

Sukari Guru
Kikapu kipo, nimekubali. Mteja wa Hamburg bado ni chai. Kikapu hata mimi naweza kuazima kwa jirani.

Ngoja Waje
Na mleta uzi mwenyewe tumwone, tusije tukawa tunaongea na aliyesafishwa.

Mwali wa Rangi Tatu
Nimemwandikia mteja. Sikumwambia habari ya programu, nimemwambia ile picha ya kwanza mwanga ulibadilisha rangi, nikamtumia hizi mpya: mbele, kitako, ndani, na moja mama mdogo kaishika. Sioni haja ya kumweleza kila kitu. Na Mikocheni nitaenda, maana laki moja yangu siiachi, ila apige zambarau kama ilivyo.

Mchungaji Msaidizi
Nusu ya ukweli, binti yangu.

Mwali wa Rangi Tatu
Ni nusu zaidi ya jana, Mchungaji.

Kiondo Pori
Ukienda kwa huyo mpiga picha, andikishaneni kabla hajawasha kamera: picha ni za nani, na utazitumia wapi. Wangu alikuja kunidai tena nilipoziweka kwenye kipeperushi, akasema tulikubaliana za mtandaoni tu. Na mwambie akupe mafaili makubwa, si yale ya kutuma kwa simu.

Mzee wa Lenzi
Na zote kumi na tano zipigwe umbali mmoja, mandhari moja, urefu mmoja wa simu au kamera. Weka alama ya chaki sakafuni. Tovuti ambayo kikapu kimoja kiko kwenye nyasi, kingine kwenye kochi, kingine kimening'inia kwenye msumari, inaonekana kama mali ya watu watano tofauti.

Mwali wa Rangi Tatu
Mteja amejibu. Zambarau anaipenda. Ila anasema ameshachapa katalogi ya msimu na ile picha ya bluu kwenye ukurasa wa pili. Anauliza gharama ya kuchapa upya nani analipa, na kama naweza kumpa ishirini za bluu hata ikiwa imekolea.

Ngoja Waje
🍵

Mbeba Boksi Bremen
Usijibu kwa haraka. Uliza kwanza amechapa nakala ngapi na karatasi ni ya aina gani. Anaweza kubandika stika juu ya ukurasa mmoja, ni bei nafuu kuliko kuchapa upya. Na hizo ishirini usimkubalie mpaka Shangazi akwambie kama zinatoka.

Shangazi Shazia
Bluu iliyokolea inatoka. Waambie wachovye ukindu ule mweupe zaidi, wa makuti machanga, usiokuwa na madoa, na wauache kwenye sufuria upoe humo humo. Wanipigie, namba yangu nakuwekea inbox. Lakini wasuke kimoja kwanza, upige picha dirishani, umtumie, akubali kwa maandishi.

Fundi Mtandao
Dada, nimepita tovuti sasa hivi. Ile ya bluu bado iko juu kabisa.

Mwali wa Rangi Tatu
Najua. Kijana wa tovuti anasema nenosiri analo yeye na yuko msibani Songea. Nimemwambia akirudi aitoe.

Fundi Mtandao
Nenosiri la tovuti yako analo yeye? Fungua uzi mwingine kwa hilo, huu utajaa.

Mama Watatu Mwanza
Jamani samahani naingilia. Hicho cha zambarau kwenye picha ya kijiko, mpaka Mwanza ni shilingi ngapi? Na naomba kuona kitako.